Annoyingly: Nani Kaudhi, Nani Kaudhika? Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Kila darasa jipya la jioni likianza, swali hili halikosi. Anauliza mwanafunzi wa kidato cha pili, anauliza dada wa mapokezi hotelini, anauliza kijana anayetafsiri filamu: "Mwalimu, 'annoyingly' si ndiyo 'kwa hasira'?"

Siyo. Lakini kumjibu mtu "siyo" na kuishia hapo hakumsaidii, maana kesho atakutana na "irritably", keshokutwa "irritatingly", na atarudi na swali lilelile limebadili nguo. Kwa hiyo nimeandika hatua zote hapa, kwa mpangilio ninaoufuata darasani. Zifuate kwa zamu, usiruke.

Neno lenyewe ni dogo, ila ukilikosea unachukua hasira ya mtu mmoja na kuiweka kifuani mwa mwingine. Kwenye hadithi, msomaji atadhani mhusika kakasirika wakati katulia. Kwenye barua ya kazi, mteja atadhani umemchukia wakati ulitaka tu kumweleza kwamba mzigo umechelewa. Ndiyo maana nalitilia mkazo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Daftari na kalamu. Simu inatosha kusomea, lakini zoezi la Hatua ya 3 linahitaji uandike sentensi zikiwa zimepangwa moja chini ya nyingine, uzione kwa pamoja.

Kamusi mbili. Moja ya Kiingereza kwa Kiingereza, iliyoandikwa kwa ajili ya wanaojifunza, kwa sababu inaonyesha neno likiwa ndani ya sentensi. Nyingine ya Kiingereza kwa Kiswahili. Ile ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1996, bado inafaa sana, na wauza vitabu wa barabarani pale Posta, Dar es Salaam, huwa hawaikosi. Kama hela ya kamusi haijapatikana, nenda ukasomee Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed.

Sentensi tano za kwako, kwa Kiswahili, kuhusu mambo yanayokukera: foleni, umeme kukatika, konda asiyerudisha chenji, jirani na spika lake, mtu asiyepokea simu. Ziandike kabla hujaendelea. Mtu anayejifunza kwa sentensi za kitabuni anasahau haraka. Anayejifunza kwa kero yake mwenyewe hasahau.

Na uwe tayari unajua tofauti ya "slow" na "slowly", yaani kivumishi na kielezi. Kama bado, anza huko kwanza.

Nadharia kidogo tu

"Annoy" ni kitenzi: kuudhi, kukera. Ukiongeza "-ing" unapata kivumishi "annoying", chenye kuudhi. Ukiongeza "-ly" juu yake unapata kielezi "annoyingly". Nadharia inatosha hapo.

Hatua ya 1: Anzia kwenye Kiswahili chako

Watu wengi wanahangaika na neno hili kwa sababu wanalitafutia njia kwenye Kiingereza, wakati ufunguo wanao mdomoni tangu utotoni. Andika jozi hizi kwenye daftari, safu mbili:

kuudhi – kuudhika
kukera – kukereka
kukasirisha – kukasirika
kuchosha – kuchoka
kushangaza – kushangaa

Safu ya kushoto ni ya anayesababisha. Safu ya kulia ni ya anayepatwa. Hakuna mtoto wa Temeke anayezichanganya: hawezi kusema "mimi nimeudhi sana" akimaanisha kwamba yeye ndiye aliyeudhiwa.

Sasa ongeza Kiingereza. Vivumishi vya "-ing" viweke kushoto: "annoying", "tiring", "surprising". Vya "-ed" viweke kulia: "annoyed", "tired", "surprised".

Onyo: "I am annoying" maana yake ni "mimi ni msumbufu". Kama ulitaka kusema umeudhika, andika "I am annoyed". Kosa hili ni ndugu wa "I am boring", ambalo msemaji anakusudia kusema kuwa hana la kufanya, kumbe anajitangaza kuwa yeye ndiye anayechosha watu. Usiende Hatua ya 2 kabla mkono wako haujaacha kosa hili.

Hatua ya 2: Bandika "-ly" bila kuvuka safu

Kielezi kinabaki kwenye safu ya kivumishi kilichokizaa. "Annoying" iko kushoto, kwa hiyo "annoyingly" nayo iko kushoto: kwa namna inayoudhi. Haielezi moyo wa mtendaji. Mtendaji anaweza kuwa anacheka, anaimba, hata amelala. Wanaoudhika ni wengine.

Halafu safu ya kulia? Hapa ndipo Kiingereza kinapoteleza. Kwa baadhi ya maneno jozi imekamilika: "worryingly" ni kwa namna inayotia wasiwasi, na "worriedly" ni kwa wasiwasi, "excitingly" na "excitedly" vivyo hivyo. Lakini kwa "annoyed", neno "annoyedly" halitumiki sana hata kama kamusi kubwa zinalo, na msomaji atalishangaa. Badala yake chukua mojawapo ya haya:

"angrily" – kwa hasira
"irritably" – kwa kuudhika, kama mtu aliyechokozwa au aliyechoka
"crossly" – kwa hasira ndogo, ya kununa; husikika zaidi kwa Waingereza
"with annoyance" – si neno moja, lakini ni salama popote

Onyo kubwa: "irritably" na "irritatingly" zinafanana sura ila zinakaa safu tofauti. "Irritably" ni ya kulia, ya aliyeudhika. "Irritatingly" ni ya kushoto, ndugu wa "annoyingly". Herufi chache tu katikati, na maana imepinduka. Ukiandika kwa haraka, rudi ulisome neno hili silabi kwa silabi.

Hatua ya 3: Fanya zoezi la mlango

Hii ndiyo hatua ninayoipa muda mrefu kuliko zote, na nakuomba nawe uipe muda. Chukua tendo moja, mtu kufunga mlango, uliandike mara tatu:

"He closed the door angrily."
"He closed the door annoyingly."
"Annoyingly, he closed the door."

Mbele ya kila sentensi andika swali moja tu: nani kaudhika?

Ya kwanza: kaudhika yeye aliyefunga. Kaubamiza. Hasira ni yake, na tunaiona kwenye mkono wake.

Ya pili: tumeudhika sisi tuliokuwepo, na kilichotuudhi ni namna alivyoufunga. Labda aliusukuma taratibu huku bawaba zinalia, au aliufungua na kuufunga, akaufungua tena na kuufunga. Yeye mwenyewe hana habari.

Ya tatu: kaudhika msimuliaji, na namna ya kufunga haina neno. Mlango umefungwa vizuri kabisa, kwa adabu. Kinachoudhi ni kwamba umefungwa. Mwezi wa pili, Dar es Salaam, umeme hakuna, feni imesimama, na upepo wenyewe ulikuwa unapita mlango huohuo. Mtu kaja kaufunga. Ndiyo "annoyingly" ya tatu.

Tazama kwamba kati ya ya pili na ya tatu hakuna neno hata moja lililoongezeka. Kilichobadilika ni mahali na mkato. Watu huuliza kama tofauti hii ni ya vitabuni tu. Hapana, mzungumzaji wa Kiingereza anaisikia papo hapo, kama wewe unavyosikia tofauti ya "alijibu vibaya" na "ni vibaya kwamba alijibu".

Sasa chukua zile sentensi tano zako. Kila moja iandike kwa njia zote tatu. Baadhi zitakataa. Kwa mfano, umeme hauwezi kukatika "angrily", kwa sababu umeme hauna moyo wa kukasirika. Zinazokataa ziache zikatae na uandike pembeni kwa nini. Hapo unajifunza zaidi kuliko kwenye zinazokubali.

Kipimo cha haraka ni kulifuta neno. Kama tendo linabaki vilevile na kinachopotea ni maoni ya msemaji tu, basi hiyo ni "annoyingly" ya sentensi nzima, ile ya tatu. Kama picha ya tendo lenyewe inabadilika, ni ya pili.

Hatua ya 4: Itumie kabla ya kivumishi

Kuna kazi nyingine ambayo mlango hauionyeshi. "Annoyingly" hukaa mbele ya kivumishi au kielezi kingine na kukipa kipimo: "annoyingly slow", "annoyingly loud", "annoyingly vague". Kwa Kiswahili cha mjini tungesema "polepole mpaka inakera", "kelele mpaka kero".

"The lift is annoyingly slow." Lifti ni ya polepole mpaka inakera.
"Their answer was annoyingly vague." Jibu lao halikueleweka, likaudhi.

Hapa hakuna mkato. Ukiandika "The lift is, annoyingly, slow" umerudi kwenye ile kazi ya tatu: lifti ni ya polepole, na jambo hilo linaniudhi. Sarufi inaruhusu, lakini kwa anayeanza ni afadhali kuliacha neno likae limebanana na kivumishi chake.

Halafu kuna matumizi matamu ambayo wanafunzi wengi wanayapita: "annoyingly" pamoja na sifa nzuri. "She is annoyingly good at maths." Hapa hakuna tusi. Ni sifa yenye wivu mdogo ndani yake. Sisi tunalo hilo kabisa. Shabiki wa Yanga akimwangalia kiungo wa Simba anavyotuliza mpira atasema, kwa shingo upande, "huyu anajua mpaka anakera". Sentensi hiyohiyo kwa Kiingereza itakaa kwenye "annoyingly good". Ila itumie kwa mtu mnayetaniana. Kwa bosi mpya au kwa mgeni inaweza kusikika vibaya.

Hatua ya 5: Mpe neno mahali pake na mkato wake

Mwanzoni mwa sentensi, kwa maoni ya msemaji, weka mkato baada yake bila kukosa: "Annoyingly, the ferry had just left." Kivuko kilikuwa kimeondoka muda huohuo, na mimi nimefika Feri mbio.

Mwishoni, kwa maana hiyohiyo, mkato unatangulia: "The ferry had just left, annoyingly." Hii ni ya mazungumzo zaidi, kwenye insha itumie kwa uchache.

Mwishoni bila mkato, inaeleza namna: "He was whistling annoyingly." Alikuwa anapiga mluzi kwa namna ya kuudhi.

Katikati, kabla ya kitenzi, utakutana nayo pia: "The conductor annoyingly refused to give me my change." Wenyeji wa lugha wanaielewa kama maoni ya msemaji. Ushauri wangu: mpaka utakapozoea, ipeleke mwanzoni na mkato wake. Huko hakuna atakayekuelewa vibaya.

Onyo: usilianzishie swali wala amri. "Annoyingly, did you lock the gate?" haikubaliki, kwa sababu huwezi kuudhiwa na jambo ambalo ndiyo kwanza unauliza kama limetokea. Neno hili linataka jambo lililothibitika.

Ukitaka kuongeza kero juu ya kero, usirundike "very". Tumia "even more annoyingly" kwenye sentensi inayofuata: "The power went off at six. Even more annoyingly, it came back just as we were leaving." Umeme ulikatika saa kumi na mbili, na cha kuudhi zaidi, ukarudi tunaondoka tu.

Hatua ya 6: Pima uzito

Mzizi wa "annoy" uliingia Kiingereza kupitia Kifaransa cha kale, na asili yake ya Kilatini inahusu chuki. Leo uzito huo umeisha. "Annoyingly" ni kero ndogo: kijiko kimedondoka, basi limepita, mtu kasahau kununua vocha. Kwa msiba, ajali au hasara kubwa neno hili halitoshi, na linaweza kuonekana halina huruma. "Annoyingly, his house burned down" haiandikwi. Andika "tragically" au "sadly".

Kama jambo linakukwamisha, unajaribu na hufiki, neno sahihi ni "frustratingly": "Frustratingly, the form would not open." Kwa kero iliyovuka mpaka kuna "maddeningly" na "infuriatingly". Hizo ziweke akiba, maana ukiziita kila siku zinaisha makali.

Hatua ya 7: Jiulize unamwandikia nani

Wasomaji wangu wengi wanafanya kazi: ofisi za usafirishaji karibu na bandari, hoteli, maduka ya Kariakoo yanayoagiza mzigo nje. Kwao hatua hii ni muhimu kuliko sarufi.

"Annoyingly" ni neno la mazungumzo, la ujumbe kwa rafiki, la kusimulia. Linaonyesha moyo wa mwandishi. Kwenye barua rasmi, moyo wako si habari. Linganisha:

"Annoyingly, your payment has not reached us."
"Unfortunately, your payment has not reached us yet."

Ya kwanza inamwambia mteja kwamba ameniudhi. Ya pili inamwambia kwamba malipo hayajafika. Mteja huyohuyo, deni lilelile, lakini akisoma ya pili atalipa bila kinyongo. Kwa Kiswahili usingemwandikia "inakera kwamba hujalipa". Ungeandika "kwa bahati mbaya, malipo yako bado hayajatufikia". Heshima unayoijua kwenye lugha yako ihamishie kwenye Kiingereza.

Mara moja tu naona "annoyingly" inafaa kazini: unapomweleza mwenzako wa ngazi yako tatizo ambalo halijasababishwa na yeye. "Annoyingly, the printer has stopped again." Hapo mnakereka pamoja, na neno linawaunganisha.

Hatua ya 8: Tafsiri kazi ya neno, acha umbo lake

Programu nyingine za simu zitakupa "kwa kuudhi" popote unapoandika "annoyingly". Usikubali haraka. Mswahili hasemi "kwa kuudhi, mvua ilinyesha". Rudi kwenye kazi tulizozitenganisha.

Kwa maoni ya msemaji, Kiswahili kinafungua na kishazi kizima: "Cha kuudhi ni kwamba…", "Kinachokera ni kuwa…", "La kuudhi zaidi…". "Annoyingly, it rained" inakuwa "Cha kuudhi, mvua ikanyesha". Wakati mwingine "-ka-" hiyo pamoja na neno "tena" vinabeba kero yote: "Nimeshaanika nguo, mvua ikanyesha tena." Mfasiri mzuri anajua lini aliache neno lenyewe na kuiachia sentensi ifanye kazi.

Kabla ya kivumishi, tumia "mpaka": "annoyingly loud", "kelele mpaka inakera".

Kwa namna ya kutenda, "kwa namna ya kuudhi" inatosha, ingawa mara nyingi ni bora kueleza kinachoonekana. "He chewed annoyingly" ikitafsiriwa "alitafuna huku mdomo unapiga kelele" inaeleweka zaidi kuliko kielezi chochote.

Na kwa safu ya kulia, "irritably" na jamaa zake, hazina yetu ni kubwa kuliko tunavyoitumia. Kiingereza kina "said" na kinakibandikia kielezi. Kiswahili kina vitenzi ambavyo vimekwisha kasirika vyenyewe: kufoka, kukaripia, kukemea, kununa, kusonya. "'Not now,' she said irritably" ukiandika "'Si sasa,' alisema kwa kuudhika" hujakosea, lakini haina uhai. Andika "'Si sasa,' alifoka". Au, kama ni mama wa Kiswahili aliyechoshwa na maswali, "'Si sasa,' alijibu huku akisonya". Msonyo huo una kila kitu kilichomo ndani ya "irritably": uchovu, kero, na kutotaka kuendelea na mazungumzo. Kwa jibu fupi lenye kuudhika, "alijibu kwa mkato" pia inafaa sana.

Angalia ngazi pia. Kero na udhia ziko chini, hasira katikati, ghadhabu juu. Hamaki ni hasira ya ghafla, ya kupasuka. Ukitafsiri "irritably" kwa "kwa ghadhabu" umempandisha mhusika ngazi mbili bila idhini ya mwandishi.

Hatua ya 9: Tamka na uandike sawasawa

Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ulimi wetu unataka kusema "a-noi-ING-li". Kiingereza kinaweka mkazo kwenye "noi": "a-NOI-ing-li". "Irritably" na "irritatingly" zote mkazo uko mwanzoni kabisa. Zisome kwa sauti mpaka mkazo ukae.

Tahajia: "annoyingly" ina "n" mbili mwanzoni, na "y" haigeuki "i". "Irritably" ina "r" mbili, na "-ble" imegeuka "-bly", hakuna "irritablely".

Ukikwama

*Nimeandika "The music is annoyingly", imekatwa.* Baada ya "is", "sounds", "seems" na "looks" unahitaji kivumishi: "The music is annoying". Kielezi kitarudi tu kama kuna kivumishi kinachofuata: "The music is annoyingly loud".

*Kompyuta imepigia mstari "annoyedly".* Isikilize. Weka "irritably" au "with annoyance".

*Nataka kusema alikuwa amekasirika na pia aliniudhi.* Kielezi kimoja hakibebi mizigo ya watu wawili. Andika vishazi viwili: "He answered irritably, which annoyed me."

*Sijui niseme "annoyed with" au "annoyed at".* Kwa mtu, "with": "annoyed with my brother". Kwa jambo, "at" au "about": "annoyed about the delay".

*Nimesoma hadithi, "annoyingly" iko mwanzoni, ila msimuliaji si mhusika. Nani kaudhika?* Tazama tunaona mambo kwa macho ya nani kwenye aya hiyo. Kama tumekaa ndani ya kichwa cha mhusika, kero ni yake. Mfasiri hapa asitie "niliudhika". Abaki na "cha kuudhi", ambayo haimtaji mtu.

*Ukurasa wangu mmoja una "annoyingly" nyingi.* Bakiza moja. Nyingine zifute, kisha ueleze tukio lenyewe kwa undani zaidi: spika liliwekwa dirishani, saa ngapi, wimbo ulirudiwa vipi. Msomaji ataudhika bila kuambiwa.

*Kwenye zoezi la kujaza nafasi sijui nichague lipi.* Tazama kilicho jirani na nafasi. Kama iko mwanzoni na mkato unafuata, weka "annoyingly". Kama inafuata "said", "replied" au "snapped" na mtu ndiye mtendaji, karibu kila mara ni "irritably" au "angrily". Kama iko kati ya "is" na kivumishi, ni "annoyingly". Kama iko baada ya "is" na sentensi inaishia hapo, chagua kati ya "annoying" na "annoyed" kwa kutumia zile safu mbili za Hatua ya 1. Jaribu hizi nne sasa hivi:

"______, the bank had closed early."
"'I told you already,' he replied ______."
"Our neighbour's generator is ______ noisy."
"My mother is ______ because I came home late."

Majibu kwa mpangilio: "Annoyingly", "irritably", "annoyingly", "annoyed". Kama ya mwisho uliandika "annoying", umesema mama ndiye msumbufu. Rudi kwenye safu mbili za daftari lako, ziandike upya zote, kisha urudie zoezi la mlango kwa tendo jingine: kuzima taa, kupiga honi, au kuondoa gari.